Mashine Arobaini za Shemeji

Shemeji wa mtafiti mmoja alikuwa amezikalia mashine zote arobaini, na ramani ya mafuriko ilitakiwa mezani kwa wakurugenzi saa nane mchana. Bila ramani, mradi wa mtafiti huyu ungepewa mtu mwingine. Shemeji alilijua hilo, na ndiyo raha yake.

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi ya kuumiza meno. Kompyuta zilijaa makabatini, zimeunganishwa kwa nyaya ili zisaidiane: kazi moja inakatwa vipande, kila mashine inabeba chake, na hesabu ya mwezi mzima inaisha kwa saa chache. Zamu zinagawiwa na programu waliyoibandika jina la Nyapara. Ukishapewa mashine, hakuna wa kukunyang'anya mpaka muda ulioomba uishe.

Mtafiti akafungua skrini, akacheka kwa hasira. Mashine moja ilikuwa inahema. Thelathini na tisa zimelala fofofo. Bwana mkubwa hakuikata kazi yake vipande. Amekodi nyumba ya wageni nzima, analala kitanda kimoja!

Akamfuata ofisini.

"Shemeji, programu yako inatumia mashine moja tu. Niachie hizo nyingine, nahitaji saa moja."

"Mke wa kaka yangu ndiye wa kunifundisha kazi?" Hata shingo hakugeuza. "Kapange foleni kama wenzako."

"Kaka yako alinionya juu yako."

"Na mimi nilimwonya juu yako. Mlango ule pale."

Sikio la kufa halisikii dawa. Mtafiti alikuwa na neno la pili. Kwenye skrini ile ile aliona kwamba shemeji aliomba siku nne, kwamba zinaisha leo saa sita kazi ikiwa haijafika hata nusu, na kwamba hakuiagiza programu ihifadhi matokeo njiani. Sentensi moja ingemwokoa. Akaimeza, akafunga mlango taratibu.

Saa sita Nyapara akaikata kazi ya shemeji bila huruma. Mashine zikatulia kidogo, kisha feni za zote arobaini zikanguruma kwa pamoja. Ilikuwa zamu ya mafuriko.

Shemeji akaja mbio, shati limechomoka.

"Siku nne zangu! Haijabaki hata namba moja! Uliona, kwa nini hukuniambia?"

Mtafiti alikuwa anatazama ramani ikijichora, mto baada ya mto. Alifurahi, wala hakuona haya.

"Nilikuwa kwenye foleni, shemeji."