Mchezo wa Mwalimu Germana

Mwalimu Germana alijitafutia balaa mwenyewe. Vinyume angeviandika ubaoni kama wenzake, basi, yaishe. Lakini alitaka darasa la pili lichangamke, akabuni mchezo: akisema "simameni", wanakaa, akisema "nyamazeni", wanapiga kelele. Haukupita muda, watoto wote wakawa wameiva, isipokuwa Abeli.

Abeli alitoka kwenye nyumba za Wasandawe ng'ambo ya korongo, huko huko Chemba, na Kiswahili alikuja kukijulia shuleni. Wenzake wakikaa, yeye anasimama. Darasa zima linamcheka, naye anacheka nao huku machozi yakimlengalenga.

Siku hiyo mchezo ulikuwa umepamba moto, na wote walikuwa wamekaa, hata Abeli aliyeketi baada ya kuchekwa, Germana alipomwona nyoka. Kifutu. Alikuwa ametokea kwenye ufa wa sakafu, mnene, rangi ya vumbi, amejilaza karibu kabisa na kisigino cha Abeli. Kifutu hamfukuzi mtu, lakini mkanyage uone.

"Tulieni!" lilimtoka kabla hajafikiri.

Katika maneno yote ya Kiswahili, akachagua hilo! Watoto wakaanza kurukaruka na kushangilia, madawati yakagongana. Abeli peke yake ndiye aliyetulia. Kifutu akajikunja, akainua kichwa.

Germana akapiga hesabu haraka. Akisema "kimbieni", darasa litatulia, lakini Abeli, ambaye hufanya lile lile analoambiwa, atakurupuka na kumkanyaga nyoka. Akimwita kwa jina, atasimama, maana yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba mwalimu akikuita, unasimama kwanza. Na Abeli alikuwa dawati la nyuma kabisa, asingeweza kumfikia, na vishindo vile vikiendelea kifutu angemuuma tu. Aliuchukia mchezo ule, akajichukia na yeye mwenyewe.

"Kimbieni," akasema.

Wote wakaganda. Abeli akainua mguu.

Akamtazama Yudith aliyekaa naye dawati moja, amejibana, mashavu yamemtuna kwa kuzuia kicheko. Akamtazama mwalimu. Mguu ukabaki hewani, hakuushusha wala hakuusogeza.

Kifutu akajikunjua taratibu, akapita chini ya kile kiatu, akajikokota mpaka kwenye tundu la ukuta, akatokea nje.

Germana alijikuta amekaa sakafuni, analia mbele ya watoto wake. Hawakuelewa kitu. Abeli akashusha mguu polepole.

"Mwalimu," akauliza, "leo nimepata?"



"Umepata!" Yudith akamjibia, na darasa zima likampigia Abeli makofi kwa mara ya kwanza tangu aanze shule.

Germana aliwaacha wapige mpaka wachoke. Kisha akainuka, akawatoa nje mmoja mmoja kwa kuwashika mkono, akianza na Abeli. Hakuna neno aliloliamini tena siku hiyo.