Dada Ameshashiba

Kazi yangu ni kupima watu uzito na kuwaambia wale nini. Ninaifanya katika chumba kidogo cha kliniki chenye mizani moja, meza moja na bango la matunda lililopauka kwa jua. Wagonjwa wananisikiliza, nadhani kwa sababu nasema polepole na sipendi kumwaibisha mtu. Nyumbani kwetu hakuna anayenisikiliza, na sababu ni hiyo hiyo.

Baba ni kinyozi. Ana miaka thelathini amesimama nyuma ya kiti kimoja, na goti lake la kulia limestaafu kabla yake. Mwaka huu alianza kunyoa huku ameegemea ukuta. Kisha akanunua stuli ndefu, nayo ikamshinda, maana kichwa cha mteja lazima ukizunguke. Daktari wa mifupa, ambaye huja kwetu kila baada ya miezi minne, alimpiga picha, akaitazama kwenye mwanga, akasema goti linatengenezeka.

"Ila si kwa uzito huu, mzee. Una kilo mia na kumi na tisa. Nikirudi nikukute na mia na kumi. Ikizidi hapo sikupasui, moyo wako hautahimili." Akanigeukia. "Na huyu si binti yako? Basi una bahati, mtaalamu unalala naye nyumba moja."

Baba akacheka. Mimi nikaangalia sakafu.

Mtaani wanamwita Tajiri. Si kwa fedha, ni kwa tumbo. Na tumbo lile ni sifa ya mama. Baba akipita, wanawake humwambia mama, "Mwenzetu unajua kutunza." Kwa hiyo nilipomwomba aifungie kabatini sahani kubwa ya bluu ya baba, awe anampakulia kwenye ndogo, mama alianza kupangusa meza iliyokuwa safi tayari.

"Watasema nimemchoka."

"Nani atasema, mama?"

"Wifi yangu atakuwa wa kwanza."

Lakini alikubali. Katika wiki sita baba alishuka hadi mia na kumi na tatu. Akaanza kufunga kamba za viatu mwenyewe. Nilikuwa nampima Jumamosi asubuhi kabla wagonjwa hawajafika, na siku ile niliiandika namba kwa furaha. Halafu namba ikagoma. Halafu ikaanza kupanda: mia na kumi na nne, mia na kumi na sita. Mama aliapa hajaongeza hata kijiko. Nikaingia jikoni, nikafunua masufuria moja baada ya jingine, naye amekaa pembeni ananiangalia tu. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Siku moja nilitoka kazini mapema, nikaenda dukani kwa baba saa nane mchana. Kiti cha kunyolea kilikuwa kitupu. Kwenye benchi alikuwepo mwalimu mstaafu, ambaye huja kila siku kusoma gazeti ingawa kichwani hana unywele hata mmoja.

"Baba yako yuko kikaoni," aliniambia, akaelekeza kidevu kwenye pazia la nyuma. "Kikao cha kila siku. Kina mjumbe mmoja tu, na huyo mjumbe huja na hotipoti tatu. Nikinusa tu, nashiba."

Nyuma ya pazia baba alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, sahani mapajani. Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa amesimama mbele yake na upawa, anaongeza wali juu ya wali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone baba yako anavyokula! Mtu alishaanza kubaki shingo. Wateja wananiuliza, Tajiri anaumwa nini? Nikawaambia haumwi, kafungiwa jiko." Akaona uso wangu, akalainisha sauti. "Simlaumu mama yako. Kachoka, amewalea ninyi wote. Mimi bado nina nguvu."

Baba hakuinua macho.

Shangazi alipotoka kwenda bombani kusuuza vyombo, nilimuuliza baba kwa nini hakukataa. Alichukua mashine ya kunyolea, akaanza kuisafisha kwa kibrashi, jino kwa jino.

"Mama yetu alipokufa nilikuwa na miaka minne, yeye kumi na mmoja. Anapika hicho kidogo kilichopo, ananipa chote. Namuuliza, dada, na wewe? Ananiambia, nimeshashiba. Kila siku ameshashiba. Na mimi nilikuwa naamini, unajua? Nilidhani nina dada anayeshiba haraka." Akapuliza vinywele kwenye mashine. "Leo nimwambie nini? Chakula chako kinaniumiza?"

"Nitamwambia mimi, baba."

"Haya, mwambie," alisema. Sikujua kama anataka niweze au anataka nishindwe.

Jumapili nikaenda kwa shangazi. Njia nzima nilikuwa nasema maneno yangu kimoyomoyo, na mengine nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi mkobani. Anaishi peke yake katika chumba kimoja, na sufuria zake zingetosha kulisha watu kumi. Kabla sijafungua mkoba, sahani ilikuwa mbele yangu.

"Shangazi, daktari amesema..."

"Kula kwanza, kinapoa. Na wewe umekuwaje, mikono kama vijiti vya kibiriti?"

Nikala kidogo. Nikajaribu tena. Nilimwambia kwamba baba akizidi kilo mia na kumi hatapasuliwa, na asipopasuliwa atafunga duka, kwa sababu hakuna kinyozi anayenyoa amekaa. Niliyasema yote, macho yangu kwenye ukingo wa sahani.

Shangazi akauweka upawa mezani, taratibu.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemvunja goti."

Nilipoinua macho nilimwona ameshika meza kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuanguka. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyegombezwa kwa kosa asilolijua. Wagonjwa wameniuliza maswali magumu kuliko hilo, na nimejibu. Nilitakiwa kusema, ndiyo, shangazi, na si wewe peke yako.

"Hapana, shangazi," nikasema. "Si wewe."

"Nilijua!" Akauchukua upawa tena, sauti imerudi. "Madaktari nao! Mtu apasuliwe hana nguvu? Nitamwongezea nyama, apate damu."

Nikamaliza sahani yangu. Karatasi ilibaki mkobani.

Daktari alirudi Jumanne. Baba alivua viatu, mkanda na saa. Akatoa mfukoni funguo, kisha kitana. Akashusha pumzi zote, kana kwamba hewa nayo ina uzito, akapanda. Mizani ikatulia kwenye mia na kumi na saba. Daktari hakugomba. Natamani angegomba. Aliandika, akasema watazungumza tena safari ijayo, akamwita mgonjwa aliyefuata. Mizani yetu haizidi urefu wa kidole kutoka sakafuni, lakini baba alihitaji bega langu ili ashuke.

Kwenye korido akaniambia, "Usimwambie dada yangu ni ngapi."

Tulimkuta shangazi nyumbani, amekuja na hotipoti zake kusikia habari njema. Alipotuona tu alielewa. Akalia, akajifuta kwa upindo wa gauni.

"Basi, mdogo wangu. Basi. Kaa ule, usiwaze sana."

Mama alileta sahani ndogo. Shangazi akaitazama, akamtazama mama, na mama akanitazama mimi. Nilikuwa nasubiri mtu aseme neno, halafu nikakumbuka kwamba mtu huyo ni mimi. Baba alikuwa amenyoosha goti lake juu ya kigoda, amelifunika kwa kiganja.

Niliinuka. Nikafungua kabati, nikaitoa sahani kubwa ya bluu, nikaifuta vumbi na kuiweka mezani.

Shangazi alipakua hadi hotipoti zote zikawa tupu.

"Na wewe, dada?" baba akauliza.

"Mimi nimeshashiba," akasema, na tangu aingie hakuwa ametia kitu mdomoni.

Baba alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua kijiko, akala, polepole, hadi chini ya sahani.