Kiganja cha Mama Juu ya Kioo

"Basi hapiki tena, yaishe!" Mdogo wangu wa kiume alipiga meza. "Macho hayaoni, mkono umeungua. Unangoja nini, dada? Aungue na uso?"

"Niko hapa hapa," Mama alisema kutoka kwenye kiti kando ya sinki. "Macho ndiyo yamekwisha. Masikio ninayo."

Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umefungwa bandeji. Miaka yote Mama akimaliza kupika huzima jiko, husubiri kidogo, kisha huweka kiganja juu yake kuhakikisha limepoa kabla ya kulifuta. Sasa anaona vivuli tu, na kiganja ndicho anachokitegemea. Juzi kilimponza. Jiko la umeme la seramiki alilonunuliwa na mdogo wangu lilikuwa limezimwa, lakini kioo chake cha juu hukaa na moto muda mrefu, na ile taa nyekundu ya onyo haimsaidii asiyeiona.

"Mwenye kosa ni jiko, siyo Mama," nilisema.

"Jiko langu lina kosa gani? Linakubali kila sufuria."

"Kama wewe na kila sahani," Mama alidakia.

Nilitoa kwenye boksi jiko jingine la umeme, la induksheni, nililonunua asubuhi ile. Boksi sikulichana. Jiko likishindwa, ningelirudisha dukani.

"Profesa kaleta mtambo," mdogo wangu alisema. Wananiita hivyo tangu nipate stashahada ya upishi.

Mtambo ulinitia aibu papo hapo. Niliweka sufuria ya alumini, ukapiga kelele ukakataa kuwaka. Mdogo wangu alicheka hadi akashika mbavu. Jiko hili huwasha tu sufuria inayoshika sumaku. Nikabandua sumaku kwenye mlango wa friji, nikapita nayo kabatini. Sufuria zote ziliikataa, isipokuwa ile ya zamani ya chuma ambayo Mama huwekea vifungo vya nguo.

"Vifungo vyangu!"

"Nitavitafutia bakuli, Mama."

Nilizima kila kitu nyumbani, nikachemsha lita moja ya maji kwa sufuria hiyo hiyo, kwanza kwenye seramiki, halafu kwenye induksheni, nikisoma mita ya umeme. Seramiki ilichukua dakika kumi na moja, ikala sehemu kumi na saba za mia za yuniti ya umeme. Induksheni, dakika sita, ikala kumi na mbili. Humo joto huzaliwa kwenye chuma cha sufuria yenyewe, halianzi kwa kuchoma kioo.

"Na maharage yanayochemka saa mbili nzima?" mdogo wangu aliuliza.

"Kwa moto mdogo tofauti inapungua," nilikiri. "Lakini hatukuanza ugomvi kwa sababu ya umeme."

Niliwasha tena seramiki, nikachemsha maji mapya, nikayatoa, nikazima. Induksheni nayo vivyo hivyo. Nikahesabu dakika tano, nikadondosha tone la maji kwenye kila kioo. Kwenye seramiki lilichemka likatoweka. Kwenye induksheni lilitulia tu. Nikaweka hapo mkono wangu kwanza, kisha nikauongoza mkono wa kushoto wa Mama.

Aliutandaza pale, akauacha.

"Kama chai iliyosahauliwa," alisema.

Mdogo wangu hakucheka tena. Alipapasa vitufe. "Dada, hivi ni laini kama kioo chenyewe. Atajuaje pa kubonyeza?"

Alisema kweli, na mimi sikuwa nimelifikiria hilo.

"Mjukuu wangu hana rangi ya kucha?" Mama aliuliza.

Nilikwenda chumbani kwa binti yangu, nikarudi na kichupa. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyedondosha, ulimi nje kama mtoto anayeandika: tone moja nene kando ya kitufe cha kuwasha, mawili kwa kupunguza, matatu kwa kuongeza. Yalipokauka Mama aliyapapasa mara mbili, midomo ikihesabu.

"Lile lenu liondoeni," alisema. "Nabaki na hili."

Nilichomoa waya wa seramiki, nikaisogeza ukutani ipoe. Kisha nikajaza sufuria za alumini kwenye boksi la induksheni na kumpa mdogo wangu mikononi.

"Hizi zako. Na jiko lako ukiondoka."

Mama alikuwa tayari amesimama mbele ya kioo. Kidole kilitafuta tone moja, kikabonyeza. Jiko likalia.

"Mnasimama tu? Nipeni kitunguu, kisha mtoke jikoni kwangu."