Mashine ya Viatu ya Bwana Massoud

Mwaka 1958, wiki ya mwisho ya Ramadhani, Bwana Massoud alileta dukani kwake Tanga mashine ya eksirei ya kupimia viatu. Mteja huingiza mguu, akachungulia kwenye kioo cha juu, akaona mifupa yake ikichezacheza ndani ya kiatu. Upuuzi mtupu, lakini mtaa mzima wa Makorora ulipanga foleni.

Aliyewaonyesha wateja namna ya kuitumia ni dada yangu Mwatumu, kwa mguu wake mwenyewe, kutwa nzima. Alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Mimi ndiyo kwanza nimerudi kutoka Makerere, nilikosomea biolojia. Nilikwenda kumtoa pale.

"Karibu, Bwana Digrii," alisema Massoud, akijipepea kwa kifuniko cha boksi. "Umekuja kutupasulia vyura?"

Nilichukua kamba mbili za viatu, nikazisokota pamoja. "Hivi ndivyo ulivyo uzi wa urithi, DNA. Umo mwilini mwetu mote, hata mwa mtoto aliye tumboni. Miale ya mashine hii huukata." Nikakata kamba moja. Msokoto ukalegea, ukapinda pale pale. "Ukikatika upande mmoja, umbo hubadilika. Naamini zipo protini zinazoupapasa uzi, zikaitambua sehemu iliyopinda, zikaiunga, maana upande wa pili bado umeshika. Zikikatika zote mbili..." Nikakata. Vipande vikaanguka sakafuni. "Nani atajua kipi ni cha wapi?"

"Najua kamba ni zangu," alisema Massoud. Watu wakacheka, naye akaongeza: "Jamani, kumbe ndicho alichokwenda kusomea!"

"Kaka, waniaibisha," Mwatumu alininong'oneza. "Nikiacha hapa, nani ataniajiri na tumbo hili?"

Sikumdharau yeye. Nilimdharau Massoud, na tasbihi aliyoipitisha vidoleni huku akiwahimiza watoto wachungulie tena.

Ndipo bintiye, Mwanaasha, akaja kuchukua viatu vya sikukuu ya Idi. Akaikimbilia mashine.

"Toka hapo!" Massoud akamdaka mkono. Akachomoa kijiti cha chelewa kwenye ufagio, akampima unyayo, akakivunja kwa kucha na kukiingiza kiatuni, kama wafanyavyo bibi zetu.

Mwatumu akamtazama. "Bwana Massoud, mbona yeye humpimi kwa mashine?"

"Huyu mwanangu."

"Na huyu wangu?"

Massoud akainamia kiatu. Mwatumu akavaa buibui, akatoka. Nikamfuata.

Hatujavuka barabara, tukasikia mwanamke mmoja wa kwenye foleni akiuliza kama kazi ile sasa iko wazi.

Nikamwomba dada yangu anisubiri, nikarudi ndani kumwonya mwanamke yule.