Niko Kwenye Magongo

Ukiambiwa kuwa mpira wa magongo una historia yake kule Mkongani, cheka kwanza, kisha uombe radhi. Uwanja hakuna, goli hakuna, na magongo pekee yaliyokuwapo mwaka huu ni yale mawili ya hospitali, yaliyofichwa nyuma ya mlango wa chumba cha mzee Boga kwa sababu mwenyewe hakutaka kuyaona.

Mzee Boga alikuwa amekatwa mguu wa kushoto, chini ya goti, kwa ajili ya kisukari. Miezi minne sasa. Daktari alimwambia waziwazi: asipoanza kutembea na magongo mwezi huu, goti litakakamaa, na likishakakamaa basi tena, atabaki kitandani mpaka siku yake. Mzee akajibu kwamba atabaki. Mpwa wake, Kibwana, mwanamume mwenye miraba minne, alimbeba kumpeleka chooni na kumbeba kumrudisha. Msikitini, walikokaa wazee wenzake watano barazani, hawakumwona tena, hata Ijumaa. Bintiye Twaiba, mwalimu wa sekondari huko Msambweni, alikuwa amemsihi, amemnunia, amemlilia. Wapi! Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Ijumaa moja Twaiba alikuja na karatasi. Timu ya wasichana ya mpira wa magongo, ya chuo kikuu alichosomea Nairobi, ilikuwa inatimiza miaka ishirini, na yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa kwanza. Wamemwomba aandike historia yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama umekuja na maneno ya daktari, geuza ulikotoka."

"Nimekuja na hadithi. Nisikilize, uniambie nilipokosea."

Akasoma. Walianza wasichana kumi na mmoja, na tisa kati yao hawakuwa wamewahi kushika gongo. Mwalimu Ndolo aliwafundisha kwa magongo sita ya kuazima, wakipokezana, na ndani ya soksi walijifunga vipande vya maboksi ya sabuni ili mpira usiwavunje miundi. Mechi ya kwanza Mbinya, golikipa, alifungwa mabao kumi na manne, akatoka uwanjani akiuliza kama kuna mtu aliyehesabu. Hapo mzee akatabasamu, na Twaiba akapata moyo wa kuendelea.

Akafika mahali ambapo timu nzima hupacheka mpaka leo. Likizo ilipokaribia, Twaiba alipiga simu kwa Swabir mwenye duka, maana ndiye jirani aliyekuwa na simu. "Mwambie baba siji likizo hii, niko kwenye magongo." Swabir akafikisha neno kama alivyolipokea. Siku ya tatu yake mzee Boga akatokea uwanjani Nairobi, kanzu imechafuka kwa safari, kuku hai kwapani, mkononi chupa ya mafuta ya nazi na vitambaa vya kufungia mfupa, akiuliza mwanawe aliyevunjika mguu amelazwa wapi. Mwanawe saa hiyo anakimbia na mpira! Jamani, wasichana walicheka mpaka wakakaa chini kwenye nyasi. Kuku akaliwa. Mafuta wakawa wanajikandia kabla ya mechi, na kila muhula mzee akawatumia chupa nyingine. Hata wachezaji wa leo, waliokuwa wakinyonya siku ile, huyaita mafuta ya Baba Magongo.

Twaiba alikuwa akisoma na kucheka. Alipoinua macho, aliona baba yake hacheki.

"Hapo umekosea," mzee akasema.

"Wapi? Kuku walikuwa wawili?"

"Kuku alikuwa mmoja. Lakini mimi nilikuwa nimeshajua."

"Umejua nini?"

Mzee akalivuta shuka juu ya goti. "Nilipita Kona ya Musa, kabla sijapanda basi, kununua bendeji. Yule mama wa duka la dawa, Nzembi, akaniuliza nani ameumia. Nikamweleza. Akacheka, akaniambia, 'Mzee, huyo msichana yuko sawa. Hiyo ni gemu, inaitwa hoki. Wee rudi tu nyumbani.' Nikajua pale pale."

"Na bado ukaja?"

"Nikaja."

"Na bendeji?"

"Nikanunua. Ningefikaje bila bendeji?"

Twaiba akaiweka karatasi chini.

"Mamako alikuwa ametangulia mwaka ule, Mungu amrehemu," mzee akasema. "Nyumba nzima, mimi na kuku. Nikipakua chakula nakupakulia na wewe, halafu nakumbuka. Sasa mwanamume mzima apande basi mpaka Nairobi, akifika aseme nini? Kwamba hamu ya bintiye imemzidi? Wangesema nimerukwa na akili. Nilitaka sababu, mama. Uliponiletea magongo nikasema alhamdulillah."

"Na miaka yote hii nakuita mshamba mbele za watu!"

"Niite. Mimi nilikuona unakimbia. Jasho linakutoka, unapiga kelele kama mwendawazimu. Tangu tumzike mamako sikuwa nimekusikia ukipiga kelele."

Twaiba akalia, mwanamke wa miaka arobaini, akalia kwa kwikwi. Alimpenda mzee huyu mpaka kifua kikamuuma. Na mapenzi yakimjaa mtu hivyo, ulimi huteleza.

"Basi ulikubali chuo kizima kikucheke kwa ajili yangu, leo unawaogopa wazee watano wa msikitini!"

Mzee akageukia ukutani.

Twaiba akatoka. Jikoni, ng'ambo ya ua, akaketi juu ya mbuzi akaanza kukuna nazi huku akijilaani. Mgonjwa husemwa vile? Na baba yako mzazi? Nazi ikaingia machozi, akaendelea kukuna tu.

Kisha akasikia "Bismillahi" kutoka ndani. Kitu kikagonga saruji. Kimya. Kikagonga tena.

Kibwana, aliyekuwa akipasua kuni mlangoni pa jikoni, akaruka kwenda kumshika mjomba wake. Twaiba akamdaka shati. "Mwache."

Mzee akatokea mlangoni juu ya magongo, kofia imekwenda upande. Upande wa pili wa ua wa makuti jirani yao Ummi alisimama na ndoo yake, akakodoa macho wazi bila haya. Mzee alimwona. Akaendelea. Alisimama mara mbili katikati kuvuta pumzi, na mara moja gongo lilimponyoka kidogo, Twaiba akajiuma kidole asipige kelele.

Akafika. Akaegemea mwimo wa mlango wa jikoni, jasho likimchuruzika mpaka ndevuni.

"Baba! Wataka maji? Si ungeniita!"

"Sitaki maji."

"Basi una shida gani?"

"Sina shida," mzee akasema, akihema. "Nimekuja kukuona tu."