Sauti ya Mgema

Mwaka ule wa mgomo, serikali iliwapa wakulima wa Junda marungu wakawawinde ndugu zao waliokataa kubeba mizigo bandarini. Kaviha, mgema, aliamriwa akwee mnazi achungulie walikojificha. Shemeji yake Fondo alikuwa miongoni mwao.

Akashika shina, na bila kukusudia akanadi kama kila siku, ili wanawake waogao nyuani wajisitiri: “Napanda. Mlio uchi jifunikeni.”

Vichaka vikatikisika.

“Nani kakutuma upige kelele, mwehu we?” akafoka Mwarandu, mkuu wao.

“Niwie radhi, bwana. Mazoea.”

Kule juu akamwona Fondo akikimbilia mikokoni.

“Sioni mtu,” akasema, akakawia kuteremka, maana rungu la Mwarandu lilikuwa likimngoja chini.