Peni Iliyonyooshwa

Mume wangu Aubrey alipoanza kuchagua, nilijua kuna jambo. Tangu tuoane alikuwa hajawahi kuchagua, alikuwa akiokota tu. Kila mnada, kila meza ya sokoni Leominster, alirudi na kitu mfukoni: peni ya kale ya Uingereza, sarafu ya fedha iliyogongwa kwa nyundo na mtu aliyekwisha kufa zamani, nyeusi, nyembamba, na uso wa mfalme unaofanana na kiazi. Nyumba ikajaa. Nilisema mpaka nikachoka kusema. Kisha, wiki ile ile daktari alipotuambia kwamba vali ya moyo wake lazima ibadilishwe, na kwamba kwa hali yake hawezi kutuahidi kitu, Aubrey akaleta trei moja ya mbao yenye matundu kumi na mawili. Akaiweka mezani akasema mkusanyo wa kweli hauhitaji zaidi ya hapo. Zilizobaki atampa rafiki yake Prosser, mwuza sarafu, akaziuze.

Nikaogopa. Mtu anayepanga vitu vyake namna ile anaaga, hata kama anapiga mluzi.

Alichagua vizuri, hilo simnyimi. Ya mfalme Stephen aliitaka hivyo hivyo ilivyogongwa kombo, maana nchi ilikuwa vitani na hata mwenye nyundo alikuwa na haraka ya kukimbia. Akachukua nusu ya peni, kwa sababu zamani aliyetaka nusu alikata peni nzima kwa mkasi, mchezo ukaisha. Na kila jioni baada ya chakula alitaka kunifundisha. Weka kidole gumba hapa, Hester, sikia msalaba unavyofika mpaka ukingoni. Nami nilikuwa na vyombo vya kuosha.

"Nikitaka habari za wafalme wako nitakuuliza wewe," nilimwambia.

"Na nikiwa sipo?"

"Kwani unakwenda wapi?"

Alinimiminia chai, akarudi kwenye lenzi yake.

Moja tu ilinikaa kichwani, na ni kwa sababu ya ubishi. Alinionyesha peni akaniuliza ni ya nani. Nikasoma herufi, nikasema ya Henry, imeandikwa Henry. Alicheka mpaka akakohoa, na kukohoa kwake siku hizo kulinitoa roho. Akaniambia huo ndio mtego wa kila mgeni. Henry alikufa, akatawala mwanawe Richard, kisha mwanawe mwingine, John, lakini wachonga mihuri ya kugongea sarafu waliendelea kuchonga jina la Henry. Ukisema Henry tu, mwenye duka anajua leo kapata mjinga. Yake haikuwa ya Henry, ilikuwa ya mmoja wa wale wana, na nywele za mfalme ndizo zinazomtaja. Alinitajia ni yupi. Mimi nikaitikia huku nasugua sufuria.

Tundu la mwisho lilibaki wazi kwa ajili ya peni ya Edward wa Kwanza. Prosser alimpatia moja iliyookotwa shambani, kando ya njia ya kwenda Hereford, nzuri ajabu ila imekunjwa katikati, haikubali kulala kwenye tundu. Aubrey hapendi kitu kisicholala. Aliipasha moto kwenye jiko langu, akaiweka kati ya vipande viwili vya ngozi, akaikandamiza taratibu kwa mti wangu wa kusukumia unga. Nikamwambia kesho atakula mkate wa nyama wenye ladha ya wafalme. Ikanyooka. Ulibaki mstari mwembamba tu, unaopita shingoni mwa mfalme.

Jumapili Prosser akaja kunywa chai. Prosser ni mtu wa maneno, hata kinyozi wake hapati nafasi. Aliinama juu ya trei, akaifikia ile peni, akanyamaza.

"Umeinyoosha," alisema.

"Ilikuwa haikai," alisema Aubrey.

"Mzee mwenzangu, ile haikupindwa na jembe. Ilikunjwa kwa mkono."

Ndipo akatueleza. Zamani hizo, mtu akiugua sana, wa nyumbani kwake walichukua peni, wakaishika juu ya kichwa chake, wakataja jina la mtakatifu, kisha wakaikunja. Ikishakunjwa hainunui kitu tena, ni mali ya mtakatifu. Mgonjwa akipona, peni hupelekwa kwenye kaburi la mtakatifu huyo. Huku kwetu zilikwenda Hereford, kwa Mtakatifu Thomas. Hii haikufika.

"Basi jamaa alipona akasahau," alisema Aubrey.

"Au hakupona," alisema Prosser, kisha akajuta. Niliona alivyojuta, maana alichukua kipande cha pili cha keki bila kukitaka.

Sisi ni watu wa kanisa dogo la Kimethodisti. Kwetu watakatifu ni majina ya barabara na shule. Nilijiambia hivyo nikiosha vikombe, nikajiambia tena nikipanda kitandani. Lakini hofu haina dhehebu. Nilichoona ni kwamba kuna mwanamke, mbele yangu kwa mamia ya miaka, aliyesimama kichwani pa mtu wake akafunga neno, na sisi tumelifungua kwa mti wa kusukumia unga ili sarafu ikae vizuri kwenye trei. Na katika nyumba nzima aliyekuwa mgonjwa ni mmoja.

Tangu hapo nilimsikiliza. Akipanda ngazi nilisimama chini nikashika pumzi yangu mpaka yake ifike juu. Mwezi ule alishindwa kufunga kamba za viatu. Ile peni niliichukia, nikataka kuitupa mtoni, nikaogopa kuitupa. Siku ya kwenda hospitali niliitoa kwenye tundu nikaitia mkobani, bila kumwambia.

Walimvua pete, miwani na meno ya bandia. Alilala kwenye kitanda cha magurudumu, na bila meno alikuwa mtu mwingine, baba yake labda. Muuguzi akasema wanakuja kumchukua sasa hivi, kama tuna la kusema tuseme. Akatupa kisogo kwa heshima. Nikaitoa peni, nikaishika juu ya paji la uso wake.

"Unafanya nini?"

"Nyamaza, Aubrey."

"Hiyo fedha imechoka, Hester. Imekunjwa, ikanyooshwa. Usii..."

Nilitaja jina la yule mtakatifu wa watu, nikakunja. Ikakatika.

Ilitoa mlio mdogo tu, kama biskuti ikivunjika. Nusu ilibaki mkononi mwangu, nusu ikamwangukia kifuani. Aliiokota, akaileta karibu na macho yake yasiyo na miwani, akaitazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Basi ni nusu mbili," alisema. "Zamani ungenunua mkate."

Akanirudishia. Alitaka nicheke, nami nikashindwa, na huko kushindwa ndiko alikoondoka nako. Wakamsukuma, milango ikajifunga.

Walikuwa wameniambia nitegemee habari kabla ya chakula cha mchana. Chakula cha mchana kikapita. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nusu moja kila kiganja, nikawaza kwamba nimemwua. Najua ni upuuzi. Nilijua hata pale kwamba ni upuuzi, na kujua hakukunisaidia. Daktari alipotoka alikuwa ameshavua kofia. Akasema vali imewekwa, mtu yu hai, lakini moyo ulikawia kuanza tena na huenda ubongo ulikosa damu kwa muda. Hawawezi kujua mpaka aamke. Wengine huamka salama. Wengine huamka maneno yamewapotea, hawajui mke wala mwaka.

Sikuwa na sala. Nilichokuwa nacho ni trei. Nikafumba macho nikaanza tundu la kwanza, nikashangaa, maana nilizijua. Jioni zile zote, na mgongo wangu umemwelekea, masikio yalikuwa yakiokota kama yeye. Huyu mwenye nyota mbili. Huyu wa kombo, Stephen. Msalaba mfupi, msalaba mrefu, nusu ya mkasi. Nikafika kwenye ile iliyoandikwa Henry. Si ya Henry. Ya Richard au ya John? Nywele zinamtaja, na nywele nazikumbuka, vishungi viwili vilivyojikunja kila upande, lakini ni za nani? Nikarudia tangu mwanzo, nikakwama pale pale. Nikalia pale pale kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu duniani kuna mtu mmoja tu ningeweza kumwuliza.

Waliniita kulipokuwa kunaanza kuingia giza. Alikuwa na mirija kila mahali, macho yamefumbuka nusu. Muuguzi alimwita jina, hakuitikia. Akamwuliza yuko wapi, akatazama dari. Muuguzi akanitazama mimi, na macho yake sikuyapenda.

Nikainama mpaka mdomo ukagusa sikio lake.

"Aubrey. Ile iliyoandikwa Henry. Ni ya nani?"

Midomo ilijaribu, ikaacha. Nikangoja. Nilizikaza zile nusu mbili mpaka kingo zikaingia kwenye nyama.

"Henry," alisema.

Nikashika chuma cha kitanda. Ndiyo hivyo, nilijiambia, wamenirudishia mgeni.

Akameza mate kwa taabu, akageuza shingo, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Henry gani, we mwanamke?" alisema. "Ni John. Nikikuambia husikii."